Kagua vifaa vya kuzamia jioni ya jana yake, si ndani ya boti

Wateja wetu wengi wanaokuja na vifaa vyao hufungua begi boti ikishang'oa nanga. Hapo ndipo hozi inapoanza kuvuja, na fundi yuko nchi kavu. Uchakavu mwingi huonekana mapema, ila watu hawaangalii pale hasa unapojificha.

Anza na regulata, kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye vali ya mtungi, hushusha presha kutoka bar 200 hadi bar 9 au 10 hivi. Hatua ya pili ndiyo unayoiuma mdomoni. Pale hewa inapoingilia hatua ya kwanza pana kichujio kidogo cha chuma: kimulike tochi. Kikiwa na ukijani, maji ya chumvi yameshaingia na shaba inaliwa. Mara nyingi ni mtu aliyeminya kitufe cha kupuliza hewa wakati wa kusuuza, regulata ikiwa imeshatolewa kwenye mtungi. Maji yakapanda na hozi hadi ndani. Rangi ya kutu huwa imetoka kwenye mtungi wa chuma ulioharibika. Mswaki hausaidii hapo. Regulata inataka kufunguliwa na fundi.

Kisha hozi. Vuta nyuma vile vifuniko vya plastiki vinavyolinda ncha zake, kwa sababu chumvi hukaa chini yake, na hozi huchanika palepale inapoungana na chuma. Ikunje taratibu kwa vidole. Mpira uliochoka utafunua nyufa nyembamba. Hozi zilizosukwa kwa nyuzi zinadanganya zaidi. Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, limeonya kwamba kwenye maeneo ya joto bomba la ndani la baadhi ya hozi hizo huharibika na kugeuka chembechembe zinazoweza kuziba njia ya hewa, huku nje hozi ikionekana mpya. Sisi hozi ya namna hiyo yenye miaka mingi tunaibadilisha tu, hata kama bado inang'aa.

Sasa jaribu bila mtungi. Ziba mlango wa hatua ya kwanza kwa kifuniko chake, weka hatua ya pili mdomoni, vuta pumzi. Hewa isije kabisa. Ikija, kiwambo (ule utando laini ndani ya hatua ya pili) kimetoboka, au vali ya kutolea pumzi haikai sawasawa, au kipande cha mdomoni kimechanika chini ya kamba yake. Na ikiwa regulata imelala stoo miezi kadhaa, ifunge kwanza kwenye mtungi uiminye ipulize kabla ya kuitia mdomoni. Mende hupenda giza la humo.

Ukifunga kwenye mtungi, geuza kioo cha geji, kipimo cha presha ya mtungi, kisikuelekee, fungua vali polepole, halafu subiri dakika tano. Hatua ya pili iliyokuwa kimya ikianza kutoa hewa yenyewe, kwa kawaida kiti cha presha ya juu, kizibo kilicho ndani ya hatua ya kwanza, kimelika na presha ya kati, ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili, inapanda. Hiyo usizamie nayo. Funga vali uangalie mshale: ukishuka, kuna uvujaji. Tumbukiza yote kwenye beseni ufuate mapovu. Mara nyingi utayakuta pale geji inapozungukia kwenye hozi yake, penye oringi (pete za mpira za kuziba) mbili ndogo sana. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ndogo.

Jaketi la kuelea lijaze mpaka vali ya usalama ifunguke, uliache hivyo usiku kucha. Asubuhi liwe bado gumu. Kitufe cha kujazia kibonyeze mara kadhaa. Kikirudi kwa uvivu, kina chumvi, na kitufe kinachong'ang'ania chini kinaweza kujaza jaketi chenyewe na kukupandisha juu kwa kasi inayoweza kupasua mapafu. Jizoeze kuchomoa hozi yake kwa mkono mmoja bila kutazama.

Mtungi: tazama tarehe iliyogongwa begani. Kipimo cha presha ya maji hufanywa kila miaka 5, ukaguzi wa ndani kila mwaka. Mitungi ya zamani ya alumini ya aloi 6351 inajulikana kwa nyufa za shingoni, kwa hiyo tusishangazane tukikataa kuijaza. Oringi ya vali ikiwa imekatika au imekauka, weka nyingine.

Miwani na mapezi, vuta mikanda tu. Ikionyesha nyufa, badilisha.

Kinachobaki kwa ajili ya boti ni kimoja: pumua mara tatu au nne huku ukitazama geji. Mshale ukicheza kila unapovuta pumzi, vali ya mtungi haijafunguka vya kutosha.

Huduma kamili ya regulata ni kila mwaka au kila mbizi 100, kinachotangulia, isipokuwa kitabu cha mtengenezaji kiseme vingine. Ilete siku kadhaa kabla ya safari: vipuri vya baadhi ya aina huagizwa, na baada ya kuifunga tunaiacha kwenye presha tuone kama inashika.