Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ghala Letu la Mizigo Limefikia Wapi

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaahidi kibali cha kutumia ghala la mizigo la reli ya zamani, hapa Dodoma, kingetoka kabla ya mvua. Mvua zimekuja na zimekwisha. Barua yetu inazunguka meza za ofisi ambayo siitaji. Mara ya mwisho walitaka nakala nyingine. Tumepeleka. Ruhusa ya kukagua, angalau, tuliipata.

Waliolijenga walijua kazi yao. Sakafu imeinuliwa ikalingana na sakafu ya behewa, ili mpagazi avute gunia badala ya kulibeba begani. Paa limetokeza mbali nje ya ukuta. Saa saba mchana, jua letu hili likichoma, ukisimama mlangoni uko kivulini. Milango ni ya kusukuma, pande zote mbili: huku reli, kule barabara. Wauza zabibu watake nini zaidi?

Tatizo ni ukuta. Mawe yameshikwa kwa chokaa, lakini kuna aliyekuja baadaye akaupiga lipu ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka msingini ukakosa pa kutokea. Fundi wetu aligonga lipu kwa nyundo, ikalia kama debe tupu, kisha ikadondoka bapa zima. Nyuma yake chokaa imekuwa unga, unaichota kwa kidole. Kamati imekata shauri: saruji haitagusa ukuta huo tena. Najua chokaa inachelewa kukauka, na mafundi wanaoijua ni wa kutafuta.

Kuhusu sheria: reli ilifika Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo majengo yake ni machanga mno kulindwa moja kwa moja na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mpaka Waziri atangaze kuwa yanalindwa. Tutaomba, ila mchwa hasomi matangazo. New Dodoma Hotel, hapo jirani na stesheni, ilianza kama hoteli ya reli. Imedumu kwa sababu kila siku kuna mtu anafagia na kuna mgeni analalamikia bomba.

Wapo wanaouliza, reli mpya ya kisasa, SGR, imeshafika tangu 2024, mabanda ya enzi za mvuke ya nini? Waje waone kenchi zile za paa kwanza, ndipo tubishane.

Ada: wengi hamjalipa, na mnajijua. Hesabu atazisoma mhazini.

Tukimaliza mkutano tutatembea hadi ghalani. Vaeni viatu vya kufunika, misumari ya mabati imetapakaa.