Na sisi wa nyuma tuachieni maji

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la sisi wakimbiaji wa nyuma ninalo tangu Jumapili ile ya mbio, na nyumbani nikiliongelea wananicheka.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Temeke, nina miaka 49, na hii ni mara ya tatu nakimbia kilomita 21 hapa Dar. Nimetumia saa 2 na dakika 53. Kila ninayemwambia swali lake la kwanza ni "umeshika namba ngapi?" na la pili "wamekupa shingapi?" Nikimjibu kwamba hela nimetoa mimi kujiandikisha basi ananiangalia kama nimetapeliwa. Shemeji yangu ndo kamaliza kabisa, "shem si ungenipa mimi hiyo hela nikakuzungusha kilomita zako zote kwa bajaji umekaa."

Sasa ngoja niseme raha yake iko wapi. Mi nimeanzia kwenye jogging ya mtaani, zile za Jumamosi alfajiri watu wanakimbia wanaimba na filimbi juu, na ukweli nilikuwa nafuata supu ya baada ya mazoezi sio mazoezi. Huko hakuna wa kwanza wala wa mwisho, mnaenda mdogo mdogo kwa mwendo wa wimbo. Nikadhani kwenye mbio kubwa ntaonekana kituko, kumbe wa aina yangu tuko wengi tu. Mnaondoka saa 12 asubuhi bado kaubaridi, mnaingia daraja la Tanzanite jua ndo linatoka baharini mkono wa kushoto, na lile daraja siku zote unalipita na gari kabla hujamaliza hata sentensi, ila kwa miguu ni kama kilomita nzima na upepo wote wa bahari ni wako, halafu barabara nyeupe haina gari hata moja. Jiji hili ambalo kila siku linanisimamisha kwenye foleni siku hiyo linanipisha mimi. Hapo hata ukinipa bajaji ya bure sipandi.

Simaanishi ni lelemama. Kuanzia kilomita ya 15 jua la Dar na ule unyevu vinakukamua, na kama hukupaka mafuta ya mgando mapajani utaijua jioni ukienda kuoga.

Shida yangu inaanzia kilomita ya 17. Nimefika meza ya maji nakuta vijana wanaikunja, katoni zishapakiwa kwenye kirikuu, nikaomba nikaambiwa "mama muda umeisha". Muda gani, maana kwenye fomu haujaandikwa! Mbele kidogo koni zimeondolewa, trafiki hayupo, daladala zinatupigia honi na konda mmoja anatuita "Mbagala twende, mbona mnateseka". Maji nimenunua kwa machinga kwa hela niliyoificha kwenye soksi. Kufika mwisho medali zimeisha, naambiwa njoo ofisini Jumatano.

Na nyie wa magazeti mna yenu. Kesho yake mmeandika washindi tu, na picha yao wakikata utepe. Haki yao kabisa, sina wivu, Alphonce Simbu wetu alivyochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo 2025 nilipiga vigelegele mpaka nikakosea mshono, kwanza yeye kilomita 42 kazimaliza kwa saa 2 na dakika 9, mimi nusu yake tu mmeona wenyewe nilivyotumia. Lakini hivi nchi hii ya kudharau wa mwisho si ndo ya Mzee John Stephen Akhwari? Marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bandeji, kaingia uwanjani giza limeshatanda na watu wengi washaondoka, katika waliomaliza yeye ndo wa mwisho, na mpaka leo dunia inamtaja kuliko wengi waliomtangulia. Mi sijilinganishi nae, yeye alikuwa mshindani wa kweli aliyeumia, mi naenda taratibu kwa sababu napenda. Nasema tu.

Waandaaji ombi langu dogo. Kama muda una kikomo uandikeni kwenye fomu tujue kabla hatujalipa, kama hauna basi wekeni gari moja limfuate mtu wa mwisho, na meza ya maji isikunjwe mpaka lile gari lipite. Medali mnajua mmeandikisha watu wangapi, hiyo ni hesabu tu.

Wanaosema tunawafungia barabara Jumapili asubuhi, poleni jamani, wengine kweli mnawahi kanisani au hospitali na hapo waandaaji watangaze mapema njia zipi zinafungwa.

Mwakani naenda tena. Shemeji nimeshamwambia na yeye aje na bajaji yake, akae kilomita ya 17 na ndoo ya maji.

Fundi wa Nyuma,
Temeke, Dar es Salaam