Maji ya kunywa ya mtoto, kabla hujahamia Usa River

Usa River, Arumeru

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku chini ya Mlima Meru. Sisi hatujambo, na mvua za vuli zimeshaanza. Nimefurahi mno kusikia uhamisho wako umetoka na Januari tutakuwa majirani. Umeniuliza habari za kodi na shule. Hayo tutaongea kwa simu. Leo nakuandikia habari ya maji, maana mwanao ana miaka miwili, na huko Tanga hukuwa na sababu ya kuyajua haya.

Unamkumbuka kifungua mimba wangu. Nilimchemshia maji ya kunywa kila siku ya Mungu, kwa kuhofia kipindupindu na homa ya matumbo. Tumbo halikumsumbua. Lakini meno ya utoto yalipong'oka, ya ukubwani yaliota na mabaka ya kahawia. Sasa ana miaka 14, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Kila nikiuona ule mkono unapanda, moyo unaniuma.

Maji mengi ya huku yana madini ya floridi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya hapa vinaupita. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floridi inabaki, tena maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Haina rangi, ladha wala harufu, kwa hiyo usidanganywe na jina la kijiji jirani, Maji ya Chai, ukadhani mabaya ni yale yenye rangi peke yake. Meno huharibika wakati yanajijenga ndani ya fizi, tangu uchanga hadi kama miaka minane. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, hata mifupa ya miguu hupinda. Ndiyo maana sikungoja ufike.

Kabla hujalipa kodi, muulize mwenye nyumba maji yake yanatoka chanzo gani, kisha tupeleke chupa moja maabara ya maji, Arusha. Chemchemi hii inaweza kuwa njema, na ya pili yake, mwendo mfupi tu, ikawa mbaya.

Mimi sasa nategemea mvua. Nimefunga gata na tanki la lita 2,000. Mvua ya kwanza naiacha ioshe bati, ndipo naelekeza maji tankini. Hayo ni ya kunywa, kupikia na chai, basi. Tunatumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, hivyo tanki likijaa mwisho wa masika linatufikisha Septemba. Hapo katikati, mpaka vuli, nachuja maji ya bomba kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha Ngurdoto, kile cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, kimeushughulikia mchujo huu kwa miaka mingi. Ila mkaa ule huchoka, lazima ubadilishwe. Usiuamini milele.

Ya kufulia na kuoga ni ya bomba. Maji ya kusuuzia nguo nadekia, yakibaki yanaenda migombani. Watoto wangu wanajua: atakayenawa miguu kwa maji ya tanki atanisikia!

Na kuchemsha usiache, shoga. Ndege wanakunya juu ya bati. Yakitokota, yafunike yapoe, uyatie kwenye ndoo yenye koki ili mtoto asichovye kikombe.

Halafu magadi. Najua makande yako hayaivi bila magadi, lakini nayo huwa na floridi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, uongeze kuni.

Ukishuka kwenye basi, fikia kwangu kwanza. Nimekutengea madumu mawili ya maji ya mvua, ya mtoto.

Wasalaam,
Rafiki yako wa tangu chuoni