Mtoto asirudi majini kwa kuogopa kuchapwa

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Pili katika shule moja hapa Mathare. Naandika kabla masika hayajaingia, kwa sababu ya jambo nililoambiwa na mwanafunzi wangu wa miaka minane.

Usiku ule wa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika, mama yake alimshika mkono wakatoka nyumbani, maji yakimfika mama magotini. Walipofika penye mwinuko, mtoto akauchomoa mkono wake akarudi mbio. Jirani alimdaka mlangoni. Shule zilipofunguliwa Mei 13, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, nilimuuliza alikuwa amefuata nini. Akanijibu akitazama chini: "Viatu vya shule, mwalimu. Mama alisema nikivipoteza atanichapa."

Mama huyo simlaumu hata kidogo. Viatu vile alivinunua kwa pesa za kufulia watu nguo Eastleigh, na sisi walimu pia tunawatisha watoto kuhusu madaftari na sare. Lakini mtoto wa umri huo huyashika maneno yetu jinsi yalivyo. Tulimfundisha kuogopa kiboko, hatukumfundisha kuogopa maji.

Katika Shughuli za Mazingira watoto wangu huchora jua, wingu na mvua, na huchora vizuri. Ila mtoto anayelala hatua chache tu kutoka mtoni anahitaji zaidi ya mchoro. Siku moja nilichora mstari wa chaki ukutani, sawa na goti langu, nikawaita mmoja mmoja wasimame hapo. Kwa yule mdogo kuliko wote, mstari ulikaribia kiuno. Darasa lilinyamaza kimya. Kisha wakatoa rula zao za sentimita 30, nikawaonyesha nusu yake: maji ya kina hicho tu, yakiwa yanakwenda kasi, yanaweza kumwangusha hata mtu mzima. Tangu siku hiyo wananiambia wenyewe kwamba maji ya mafuriko hayachezewi, na kwamba chini ya matope huwezi kuona mtaro ulio wazi wala waya wa stima ulioanguka.

Wazazi, nawaomba mambo mawili. Tembeeni na mtoto mchana, kwa miguu, kutoka mlangoni mpaka mahali pa juu mtakapokutana mkipotezana, kwa njia isiyopita kwenye kidaraja cha mtoni. Mtoto akariri pia nambari yenu ya simu. Wangu wanaiimba kila asubuhi baada ya maombi.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Leo usiku, kabla hajalala, mwambie mtoto wako waziwazi: "Maji yakija, acha kila kitu. Viatu, begi, vitabu, acha. Hutachapwa." Mwambie tena kesho. Rudia mpaka umwone ameamini, kwa maana ameshasikia kinyume chake mara nyingi sana.

Nawasihi walimu wenzangu nao waliseme hilo mbele ya darasa zima. Kwangu, madaftari yote yatabaki kwenye kabati la shule tangu Machi hadi mvua iishe Mei, na kazi ya nyumbani itaandikwa kwenye karatasi moja tu. Ikienda na maji, nitatoa nyingine.

Mwalimu wa Gredi ya Pili,
Mathare, Nairobi