Risala ya Klabu ya Malihai kwa Mgeni Rasmi: Nyufa Tunazoomba Zisizibwe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli za wilaya ukaja kwetu, tena kwa barabara ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tangu darasa la kwanza tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tumesimama mbele yako kuomba kinyume chake. Zipo nyufa tunazoomba ziachwe kama zilivyo. Ziko kwenye kilima cha mawe unachokiona nyuma ya bweni la wasichana, na ndani yake anaishi kobe wa mawe, ambaye wengine humwita kobe chapati.

Jina hilo si utani. Gamba lake ni bapa, kimo chake kama sentimita 3 au 4, na mkubwa wao hufikia urefu wa sentimita 17 hivi. Mifupa ya gamba ni myembamba, ina matundu, na ukiibonyeza tumboni inabonyea. Kobe wengine wakiona hatari hujikunyata ndani ya nyumba zao. Huyu hana nyumba ya kujifungia. Anakimbia, kwa kasi inayomshangaza kila aliyekulia na hadithi za sungura na kobe, anaingia kwenye ufa, anajikaza kwa miguu na kucha, na hapo kumtoa ni kazi. Jabali ndilo gamba lake la pili.

Mwezi Machi, baada ya mvua, tulipanda kilimani na afisa wanyamapori. Tulilala kifudifudi juu ya mwamba. Ufa wa kwanza ulikuwa na upana wa sentimita 5 mdomoni, kwa rula ya hisabati, na ndani unazidi kubana. Tukamulika tochi. Mwanzoni tuliona majani makavu na utando wa buibui. Kisha jiwe moja likapepesa jicho. Nyuma yake alikuwapo wa pili, wamegandana kama chapati za mamantilie kwenye sahani. Hatukuwagusa.

Mheshimiwa, kobe hawa wako Kenya, Tanzania na kaskazini-mashariki mwa Zambia tu. Jina lao la kisayansi walipewa mwaka 1903 na mtaalamu wa Vienna, Friedrich Siebenrock, kwa kielelezo kilichotoka Busisi, Usukuma, palepale ambapo leo watu wanavuka ziwa kwa daraja. Umbo lao la ajabu ndilo lililowaponza. Wafugaji wa ng'ambo waliwataka majumbani, na wakamataji wakaja na mitaimbo kubomoa nyufa ili wawatoe. Jike hutaga yai moja kwa wakati, kwa kawaida, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliwaweka kwenye Kiambatisho cha II mwaka 1975. Mwaka 2019 wakapandishwa hadi Kiambatisho cha I, kinachozuia kuwauza nje kibiashara wale waliotolewa porini.

Hayo ya mipakani yana wenyewe. La kwetu ni ufa. Kobe mmoja akiibwa, waliobaki wanaweza kuzaliana, polepole. Ufa ukivunjwa, nani ataujenga? Mwamba ule umemenyeka kwa jua na mvua kwa miaka isiyohesabika. Wenzao walio ndani ya Hifadhi ya Taifa Tarangire wana askari. Wa kwetu wako nje ya mpaka, wana sisi.

Na hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Wanaopasua mawe ni wazazi wetu. Ndoo za kokoto zimelipa michango ya baadhi yetu tuliosimama hapa, na msingi wa maabara yetu umetoka kilima hikihiki. Lakini upande wa mashariki, panapowashwa moto ili jabali lipasuke, tulipekua asubuhi nzima hatukuona kobe hata mmoja.

Kwa hiyo tunaomba kilima kiingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na kiwekewe sheria ndogo. Tunaomba wapasua kokoto waonyeshwe eneo jingine kabla ya kuzuiwa, si baada. Bweni jipya litakapoanza, mawe yake yatoke korongoni. Fedha hatuombi, ingawa mweka hazina wetu alinung'unika tulipoandika sentensi hii. Tochi mbili zingetufaa.

Miche uliyotuletea tutaipanda kuzunguka uwanja na mabweni. Kilimani, kwa heshima zote, tunaomba isipandwe. Migunga na vichaka vya pale vinajitosheleza, na kobe anahitaji nyasi zake na mahali pa kuota jua asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kutoka hapa hadi ufa wa kwanza ni mwendo wa dakika kumi. Baada ya chakula tunaomba twende wote. Ili kumwona inabidi ulale kifudifudi kama tulivyolala sisi. Mkeka tumeshautandika.

Ni sisi wanafunzi wako,
Wanachama wa Klabu ya Malihai.