Mizigo mizito iwe mbele

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Mama yako kaniambia mnakuja kutoka Dodoma na watoto, mkivuta hilo tela la kulala. Nimefurahi sana, ila jana usingizi haukuja, ndiyo maana naandika.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki safari yetu ya Moshi. Tela nililipakia mwenyewe: magunia ya nazi na pipa la maji nyuma kabisa, godoro na nguo mbele. Nilipouinua mkono wa tela kuufunga kwenye kile kichwa cha chuma nyuma ya gari, nikaona mwepesi, nikafurahi. Wepesi huo nusura utuue. Tulipoiacha Korogwe basi likatupita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma tela, likaanza kupiga mkia. Nikakanyaga breki. Kumbe ndiyo nimelichochea: gari linapunguza mwendo, tela bado linasukuma. Tukaishia ndani ya mkonge, chai ya chupa imemwagika mapajani mwa mama yako, nawe umemng'ang'ania shingo, hata kulia umeshindwa.

Basi vitu vizito viweke chini sakafuni, mbele kidogo ya ekseli, ule mtaimbo unaoshika magurudumu. Mkono wa tela uelemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tela la kilo 1,000, hapo mbele pawe na kilo 100 mpaka 150. Usikisie. Pima kwa mizani ya magunia, tela likiwa limeshapakiwa na limekaa sawa. Maji ya tangi yahesabu pia, lita moja ni kilo moja.

Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe sawa, breki ya gari usiiguse. Kama tela lina breki zake unazoweza kuzikamata peke yake, zikamate hizo, taratibu.

Minyororo ipishanishe chini ya mkono wa tela, ukichomoka uiangukie minyororo, si lami. Taa na upepo wa matairi fundi atakuangalizia.

Mkisimama Chalinze, na tena Segera, sogeza mgongo wa kiganja kwenye habu za tela, yaani vile vitovu vya magurudumu. Vuguvugu si neno. Habu moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, beringi inakufa, msiondoke hapo.

Giza likiwakuta njiani, laleni. Kitanda mnacho. Mama yako keshaanza kuuliza wajukuu wanakula samaki gani, na mimi nitakuwa barazani hata mkichelewa siku nzima.

Baba yako