Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Njombe: baridi hii haitupigi sawa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Kipupwe kikikaribia, wageni huambiwa waje Njombe na makoti wakapige picha za ukungu na umande ulioganda kule Kitulo. Sina ugomvi na utalii. Naandika kuhusu wenyeji wasio na koti.

Pita kwenye vyumba vya kupanga wanakoishi vibarua wa chai, viazi na mbao. Tofali halina lipu, juu ni bati tupu bila dari, chini ya mlango pana mwanya. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi. Usiku wa Julai chumba cha namna hiyo hakifiki hapo. Mwenye kipato ana dari, mablanketi na maji ya hita. Kibarua anaingiza ndani jiko la mkaa alilopikia, kisha anaziba ule mwanya kwa kanga kuukuu. Mkaa ukiwaka penye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania chembe za damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa shamba, anajilaza, na huenda asiamke. Na mkaa wenyewe kanunua kwa kopo, bei ambayo ukiipigia hesabu inazidi ya anayenunua gunia zima!

Tutaambiwa wananchi waelimishwe. Sawa, lakini ukimkataza mama kulala na jiko, naye ana blanketi moja na watoto watatu, umemwachia nini?

Tukitaja hali ya hewa na afya, mawazo hukimbilia joto la Dar es Salaam. Utafiti wa nchi 13 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2015 ulihusisha baridi na takriban asilimia 7.3 ya vifo vyote, joto asilimia 0.4 tu. Hakukuwa na nchi hata moja ya Afrika humo, ila mwili ni uleule: ukipata baridi mishipa hujibana na presha hupanda, na wazee ndio huanza kuumia.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Jambo jema. Lakini mtungi wa gesi unapika tu; huku kwetu jiko ni la kupikia na la kuota pia. Mkigawa mitungi bila kugusa nyumba, Juni mkaa utarudi chumbani.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wafumaji wa masweta wapewe kipaumbele, na halmashauri ziwe wateja wao wa kwanza kwa ajili ya watoto wa kaya maskini zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Wakati hilo linasubiriwa, waelekeze walimu wakuu wasimvue mtoto sweta la mtumba eti rangi si ya shule. Hilo halihitaji bajeti, Mheshimiwa. Linahitaji barua yako moja kabla ya Juni.

Wako,
Mkazi wa Njombe